Mtama Uliokosa Baba

Tufaha binti Muhanna alikuwa na miaka thelathini na moja alipopelekwa Puge, na tayari watu wa Mtendeni, mtaa wao pale Tabora, walikuwa wamezoea kusema kwamba mwanamke yule anatembea kama aliyetoka safari ya mbali. Aliyetoka mbali hasa ni baba wa babu yake, Omani mpaka pwani, pwani mpaka Tabora kwa njia ya misafara, akafungua duka na asirudi tena. Tufaha mwenyewe hakuwahi kupita Morogoro, alikosomea kilimo. Lakini alikuwa na miaka tisa ya kuamka kabla ya adhana ili awahi maua ya mtama yanapofunguka, na kazi ya namna hiyo humkaa mtu magotini.

Baba yake, Mzee Muhanna bin Ghalibu, alikuwa na duka la nguo na mafuta ya taa. Ndugu zake walimsema sana. Binti wa watu anapanda lori na wanaume, anakwenda kupima matuta, na mume hana. Mzee aliwajibu kwa sauti ile ile aliyouzia kanga: "Nchi imepata uhuru na binti yangu amepata kazi. Niacheni ninywe kahawa."

Kazi yenyewe ilikuwa katika kituo kidogo cha mbegu nje ya mji, chini ya Bwana Lukumani, mtu mwembamba aliyekuwa na vidonda vya tumbo na aliyekula maziwa na mkate tu. Hapo walitafuta mtama chotara, unaokomaa mapema na kustahimili ukame. Chotara hupatikana kwa mama wa aina moja na baba wa aina nyingine. Sasa mtama una tabia yake: ua moja lina uke na uume pamoja, na likifunguka alfajiri hujichavusha lenyewe kabla jua halijapanda. Hakuna mtu wa kuketi na kibano akang'oa viungo vya kiume katika maua yote ya suke moja, sembuse ekari nzima.

Wataalamu wa nchi za nje walikuwa wameupata mtama ambao hauhitaji kibano. Ulizaliwa na upande wa kiume umekufa. Vifuko vya chavua vilitoka vyeupe, vimesinyaa, na ukivipasua huoni unga ndani. Upande wa kike ulikuwa mzima. Ukipandwa karibu na mtama mwingine, hupokea chavua ya jirani na kuzaa vizuri.

Sababu yake Tufaha aliielewa polepole, akiwa chuoni na baadaye shambani. Ndani ya kila chembe ya mmea mna kiini, na katika kiini urithi wa baba na wa mama hukaa pamoja. Nje ya kiini kuna ute, nao una urithi wake mdogo ambao hutoka kwa mama peke yake, maana chavua ya baba ikiingia huleta kiini na kuacha ute wake nje. Katika mtama ule, ute wa mama ulikuwa na kasoro iliyoua chavua. Lakini ipo mitama mingine ambayo kiini chake kina jeni ya kuizima kasoro hiyo. Baba akiwa nayo, watoto wote hutoa chavua kama kawaida, ijapokuwa kasoro ya mama bado wanayo mwilini. Baba asipokuwa nayo, watoto hufuata ugonjwa wa mama, na wajukuu vivyo hivyo.

Mwaka 1974 watu waliokaa wametawanyika katika mbuga za Nzega walikusanywa katika vijiji. Malori yalifika, mapaa yakaezuliwa, watu wakapakia vinu na kuku. Karibu na Puge kikaota kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mistari, na mwenyekiti wake akawa Masolwa, mfugaji wa makamo, mpole, aliyeogopa sana kukosea. Kijiji hicho kilipewa heshima ya kuzalisha mbegu chotara katika shamba la ushirika. Tufaha akatumwa akakae huko msimu mzima. Watu wakamwita Bibi Shamba.

Sharti la kwanza lilikuwa gumu. Mtama wa kienyeji usipandwe popote karibu, chavua yake isije ikachafua mbegu. Masolwa aliitangaza amri hiyo mkutanoni akiangalia chini. Watu walitii, kwa kuwa waliahidiwa unga hadi mavuno, na unga ukaja, ule wa njano wa msaada ambao watoto walisema unanuka gunia.

Mistari ya mama ilipandwa Desemba. Mistari ya baba ilitakiwa ifuate baada ya wiki mbili, kwa sababu baba alikuwa mwepesi wa kutoa maua na ilibidi wakutane. Mbegu ya baba ilikuwa Tabora. Lori la kuileta lilikuwa linahamisha watu, na lilipomaliza kuhamisha watu halikuwa na mafuta. Mbegu ilifika mwezi wa Februari.

Ilipofika Machi, mtama mama ulitoa masuke. Baba alikuwa anafika magotini.

Tufaha alikwenda Tabora juu ya lori la magunia ya chumvi. Alimkuta Bwana Lukumani mezani, kikombe cha maziwa mbele yake.

"Maua yanafunguka, hakuna chavua," alimwambia. "Wiki mbili zijazo yatakuwa yamekauka. Wale watu hawatavuna hata debe."

Lukumani alijikanda tumbo. "Mwakani, dada. Tutapanga vizuri mwakani."

"Watakula nini hadi mwakani?"

"Na mimi nimeuliza. Kila ninayemuuliza ananiambia na yeye ameuliza." Alimtazama kwa macho yasiyo na ubaya wowote. "Rudi ukawape moyo."

Tufaha hakurudi na moyo wa kumpa mtu. Usiku alilala Mtendeni, akala wali wa mama yake, na kulipokucha akapanda tena lori.

Jirani yake kule kijijini alikuwa mjane mzee aliyeitwa Ngollo, mwanamke mrefu, macho yake mekundu kwa miaka mingi ya kupikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Hakuwa na mtoto aliye hai. Alimkuta Tufaha amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameshika suke, anapasua maua moja moja kwa kucha.

"Shikamoo, mayu," Tufaha alisema, akimwita mama kwa lugha ya huko, ila bila kuinuka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humo?"

"Kilichokosekana." Akamweleza. Alipofika kwenye habari ya baba aliyechelewa, Ngollo alicheka kidogo.

"Kumbe ni kuchelewa kwa mwanaume tu. Kule kwetu tulikohamishwa, mtama umejiotea wenyewe. Punje zilizomwagika uwanjani pa kupuria. Jana nilikwenda kuchuma mlenda, nimeuona unatoa maua. Mwekundu wangu, na mweupe wa kina Masolwa kule ng'ambo."

Tufaha aliweka suke chini. Alijua vizuri maana yake. Akiingiza chavua hiyo, mbegu chotara basi tena, msimu wote wa kituo umepotea. Asipoiingiza, masuke yatabaki mabua ya kulisha ng'ombe. Baadaye, alipoulizwa alifikiri muda gani, alisema hakufikiri, alikuwa amechoka mno kufikiri.

Walikwenda kwa Masolwa. Alisikiliza akiwa amesimama, fimbo begani.

"Mimi ndiye niliyetangaza mtama ule usionekane," alisema.

"Najua, mwenyekiti."

"Ukionekana nitasemaje?"

"Sema Bibi Shamba ameagiza."

Masolwa alitazama njia ya Tabora, kisha akatazama watoto wake wakikwangua sufuria. "Kesho asubuhi nakwenda kutafuta ndama aliyepotea," alisema. "Sitakuwepo." Kabla ya jua kuzama, mke wake na mabinti zake walikuwa wameshatangulia na mapanga kwenye mahame yao, makazi waliyohamishwa.

Mtama haukatwi hivi hivi ukasafirishwa, chavua yake hufa upesi. Tufaha aliwaonyesha wakate mabua marefu jioni, yale ambayo maua yake yatafunguka kesho, wayabebe wima na kuyasimamisha ndani ya madebe ya maji katikati ya mistari. Alfajiri, maua yalipofunguka, upepo mdogo ulitosha. Walipotikisa mabua, vumbi la manjano lilitua juu ya masuke yaliyokuwa yakilisubiri. Kila ukoo uliweka madebe yake upande wake. Wa Ngollo na majirani zake waliweka mtama mwekundu kaskazini, wa Masolwa wakaweka mweupe kusini. Walifanya hivyo hadi maua ya mwisho, na wanawake hao walikuwa wanakwenda mwendo mrefu kila jioni wakiwa wamekula uji tu.

Mtama ukajaa. Haukujaa wote, lakini watu walivuna, na mwezi wa Juni ugali wa mtama ulirudi kijijini, wenye ladha wanayoijua. Bwana Lukumani alikuja kukagua. Alichukua punje kiganjani, akazigeuza.

"Baba wa hizi ni nani?"

"Waliopatikana," Tufaha alijibu.

Lukumani hakupiga kelele. Alisema tu kwamba shamba la Puge limefutwa katika mpango, na kwamba jina la Tufaha lililokuwa lipelekwe kwa masomo zaidi halitapelekwa. Tufaha aliitikia kwa kichwa. Kabla ya kuondoka aliwaambia wanakijiji jambo moja, akalirudia: mtama huu ni wa kula, msiupande, damu ya mama yake ina kasoro. Lakini mbegu nyingine hawakuwa nayo. Mvua iliponyesha Desemba, waliupanda.

Aprili iliyofuata, mwaka 1976, Tufaha alikuwa na mambo yake. Biashara za watu binafsi zilikuwa zimeamriwa zifungwe ili maduka ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi. Mzee Muhanna alikuwa amefunga milango ya duka lake na kukaa barazani, akiwa hajui mikono yake aiweke wapi. Asubuhi moja dereva wa lori alimletea Tufaha salamu kutoka Puge. Mtama wa Masolwa umekataa kuzaa. Wa Ngollo umejaa hadi mabua yanainama. Watu wanasema bibi kizee yule ameivuta mimba ya mtama wa mwenzake akaipeleka shambani kwake, na ndugu za Masolwa wameshaapa kummaliza mchawi huyo.

Katika nchi ile mtu hahitaji kuelezwa maana ya kikongwe mwenye macho mekundu na ndugu walioapa. Tufaha alichukua kanga na viatu vyake, akapanda lori lile lile.

Mkutano ulifanyika katika shamba la Masolwa, lililokuwa peke yake ng'ambo ya korongo, mbali na mashamba mengine. Masuke yalisimama marefu, mazuri kwa macho, mepesi kama manyoya. Ngollo alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, hatazami mtu. Hakuna aliyekaa karibu naye. Tufaha alikwenda akaketi ubavuni kwake, halafu akaanza kusema akiwa hapo hapo chini.

"Mwenyekiti, mtama wako umekataaje? Niambie ulivyoona."

"Umetoa maua, haukutia punje," Masolwa alisema. "Wa huyu umetia. Mbegu ni moja, tulivuna shamba moja."

"Mama ni mmoja. Baba?"

Mke wa Masolwa ndiye aliyejibu, taratibu. "Sisi tuliweka mweupe. Wao mwekundu."

"Vunja suke lile la chipukizi lililochelewa, linalotoa maua sasa. Lete na la shamba la mayu Ngollo." Yalipoletwa, alimwita Masolwa akae, akampa vifuko vya maua kwenye kiganja. Vya Ngollo vilikuwa vinene, na alipovisugua vikaacha unga wa manjano kwenye ngozi. Vya Masolwa vilikuwa kama kucha za mtoto mchanga, vyeupe, vitupu.

"Mtama mama tulioleta sisi ulikuwa na kasoro," Tufaha alisema. "Mimi niliuleta nikijua, maana ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Kasoro hiyo iko ndani ya ute wa mmea, na mama humpa kila mtoto. Baba hawezi kuiondoa. Lakini baba mwingine anakuja na kitu ndani ya kiini chake, kinainyamazisha. Mtama mwekundu unacho. Mweupe wenu hauna. Ni mtama mzuri, umewalisha miaka yote, kwa sababu ndani yake kasoro hii haikuwepo. Ungejuaje kama una dawa, na hujawahi kuugua?"

Ndugu mmoja wa Masolwa, aliyekuwa amesimama nyuma, alisema, "Na nani alimwambia huyu mzee aweke mwekundu?"

"Hakuna. Ndio uliokuwa kwake."

"Bahati gani hiyo?"

"Bahati ya kawaida," Tufaha alisema. "Kama mngebadilishana madebe ya mabua, leo mngekuwa mmemkalisha chini Masolwa."

Baadhi walicheka, wengine hawakucheka. Masolwa alikuwa bado anaangalia kiganja chake. Tufaha alimwomba jambo moja. Nyuma ya nyumba ya Ngollo kulikuwa na mabua machache ya mtama mwekundu wa asili. Wachukue chavua yake, waitie katika masuke ya Masolwa yaliyochelewa, wayafunge na karatasi, na punje zitakazopatikana azipande Masolwa mwenyewe mahali pa peke yake. Zikitoa maua matupu, basi yeye Tufaha ndiye mwongo, waje Tabora wamtafute.

"Hadi mwakani," alisema Masolwa.

"Hadi mwakani."

Alikubali. Tufaha alimwamini. Lakini aliwaangalia ndugu zake, akaona kwamba mwaka ni mrefu sana kwa mtu anayelala nyumba isiyo na mlango wa mbao. Jioni hiyo hiyo alimwambia Ngollo afunge vitu vyake.

"Niende wapi?" Ngollo aliuliza.

"Kwetu. Mtendeni."

"Mimi kwa Waarabu nikafanye nini?"

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa huku, mayu. Hakuna atakayekushangaa."

Ngollo alifikiri. Alikuwa ameshahamishwa mara moja, na alisema hivyo, kwamba mara ya pili mtu hufunga mizigo haraka zaidi. Alichukua kinu kidogo, mfuko wa michembe, yaani viazi alivyovianika, na kibuyu cha mbegu nyekundu. Mzee Muhanna aliwapokea barazani, akamtazama mgeni, akamtazama binti yake, kisha akasema, "Karibu, mama. Nyumba hii sasa ina watu wawili wasio na kazi. Tutakaa."

Wakakaa kweli. Ngollo aliotesha mlenda uani na kumfundisha Mzee Muhanna kusokota kamba za katani, na mzee alimfundisha kunywa kahawa chungu. Tufaha aliendelea na kituo, ambacho kila mwaka kilipungukiwa na kitu: mwaka huu gari, mwaka ujao mbolea, kisha Bwana Lukumani mwenyewe, aliyestaafu kwa ugonjwa.

Juni mwaka 1977 Masolwa alifika Mtendeni kwa miguu kutoka kituo cha mabasi, kikapu kichwani kama mwanamke, hakujali. Ngollo alikuwa uani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Alitua kikapu. Kulikuwa na mtama, mwekundu uliopauka, punje nene. "Ulitoa unga," alimwambia Tufaha. "Bua kwa bua. Niliwaita ndugu zangu, nikawapaka usoni kwa mkono wangu." Halafu akachutama mbele ya Ngollo. "Nyumba yako nimeiezeka upya. Nimekuja kukuchukua."

Ngollo aliingiza mkono katika kikapu, akazichezea punje kwa muda. "Nimeshukuru," alisema. "Lakini sirudi."

"Hakuna atakayekugusa, mayu."

"Najua. Na mwaka ambao ng'ombe atakufa? Na mwaka ambao mtoto ataugua? Bibi Shamba hawezi kuja na lori kila mara." Alisema bila hasira. "Nimechoka, Masolwa. Wewe nenda ukalime."

Tufaha alimwonya Masolwa kwamba punje hizo zikipandwa tena, baadhi ya mabua yatarudi kuwa matupu, kwa maana si kila mjukuu hurithi dawa ya babu. Ayang'oe, achague mbegu katika yale yanayotoa chavua, na mwaka utakaofuata tena, na tena. Masolwa aliuliza kama kuna mwisho wake. Tufaha alisema upo, kama mtu ana subira, ila yeye hakuwahi kufika huko.

Miaka miwili baadaye alipelekwa Morogoro kwa semina ya wiki moja. Mhadhiri kijana alieleza kwamba sasa wataalamu wanaelekea kuamini kasoro ile imo ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vinavyoipa chembe nguvu ya kufanya kazi, vyenye jeni zao chache zinazotoka kwa mama, na kwamba jeni za kiini na za mitokondria huishi pamoja kama watu wawili wasiotoka ukoo mmoja: wakisikilizana, mmea hutoa chavua, wasiposikilizana, chavua hufa. Wengine waliuliza maswali mengi. Tufaha alikaa nyuma, amevua viatu chini ya meza, akisikiliza.

Aliporudi alimweleza Ngollo, kwa sababu Ngollo alitaka kujua kila mara alikokuwa. Ngollo alisikiliza hadi mwisho, kamba ya katani mapajani.

"Kwa hiyo ile kasoro ilikaa ndani ya chombo cha nguvu," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Mh. Basi ndiyo maana. Hata lori la mbegu lilikwama kwa wenye nguvu." Alimsogezea Tufaha kigoda, akamwambia anyooshe miguu, na Tufaha akainyoosha.